Kamba ya Bi Nazaria

Nazaria Tun alianza kusuka machela, zile nyavu za kulalia zinazotundikwa kwenye kulabu, akiwa na miaka tisa, na hakuwahi kupoteza hesabu ya nyuzi mpaka Julai ya mwaka ule ambao binti yake Mireya alikuwa mjamzito. Siku hiyo alisinzia amesimama mbele ya fremu, mkono ukiendelea kupitisha sindano wenyewe, na alipozinduka akakuta amesuka kitu kisichofaa kulalia mtu wala kuvulia samaki. Akakifumua chote. Kesho yake yakatokea yaleyale. Mteja, mwanamke mmoja wa Campeche asiye na subira, akamwambia kwenye simu kwamba machela ya harusi huagizwa kwa ajili ya harusi, si kwa ajili ya ubatizo. Ndipo Nazaria akakata shauri kwenda zahanati.

Zahanati ya mji wao, Pomuch, mwaka huo ilikuwa na daktari msichana, Citlali, mtu wa kaskazini aliyeletwa kutumikia mwaka wake wa mwisho wa masomo. Wiki ya kwanza aliyofika, machela ilimwangusha mara mbili, na mji mzima ulipata habari kabla hajamaliza kujipangusa. Lakini kazi yake aliijua. Alimpima Nazaria damu, sukari na presha, akamfunua macho, akamgonga magoti. Hakuona tatizo.

"Mama, unalala vipi?"

"Kama watu wote."

"Yaani ukilala ndiyo mpaka asubuhi?"

"Nani analala mpaka asubuhi, mwanangu? Nalala, navuta kamba, nalala, navuta kamba, kunakucha."

Daktari akaweka kalamu mezani. "Kamba gani?"

Nazaria alimwonea huruma, maana mtu aliyesoma miaka yote hiyo hakupaswa kuuliza jambo kama hilo. Akamweleza taratibu. Machela yake na ya mumewe Abundio zimetundikwa sambamba, hatua moja kutoka hii hadi ile. Kwenye ukingo wa machela ya Abundio kuna kamba ya mkonge, na ncha yake ya pili anaifunga yeye kidoleni. Abundio hukoroma. Kukoroma si hoja. Hoja ni kwamba mkoromo hukatika ghafla, kifua kinahangaika lakini hewa haipiti, na ukimwacha hukaa hivyo mpaka arukie pumzi kama mtu aliyeopolewa kisimani. Ukivuta kamba, machela inainuka upande, naye anageukia ubavu na kupumua. Baada ya muda anarudi chali na mambo yanaanza upya.

"Nani alikufundisha?"

"Mama mkwe, Bi Bibiana, Mungu amrehemu. Abundio alipoanza kunenepa, mama alisikiliza mlangoni kwetu siku tatu, kisha akaja na kamba. Akaniambia, 'Wanaume wa nyumba hii husahau kupumua. Kazi yako kumkumbusha.' Mwaka huu ni wa kumi na tisa."

Citlali akaanza kumuuliza habari za Abundio. Mchana anasinzia? Nazaria akacheka. Abundio ni mwoka mikate, na mara ngapi amekutwa mbele ya tanuri ameegemeza paji la uso kwenye mpini wa ile pala ndefu ya mbao ya kuingizia mikate, akilala fofofo, mikate ya jibini ikigeuka makaa. Mwenzake wa kazi, Nicanor, huwaambia wateja kwamba Bwana Abundio anaiombea mikate. Asubuhi kichwa kinamuuma? Kila siku, lakini huo ni moto wa tanuri. Anaamka kwenda haja ndogo mara nyingi? Anapenda mno maji ya ukwaju. Amekuwa mwepesi wa hasira, anasahau? Huo ndio ukoo wao. Ana shingo nene?

"Shingo iko wapi? Kichwa kimewekwa tu juu ya mabega."

Hapo hata Nazaria akaanza kuona ajabu. Msichana hajapata kukutana na Abundio, naye anautaja mwenendo wake wote kama mpiga ramli.

"Mama, wewe huumwi," Citlali alisema. "Anayeumwa ni mumeo. Wewe umechoka tu kumuuguza."

Akamwonyesha kwa vidole viwili kwenye koo lake mwenyewe. Mtu akilala, nyama za koo hulegea. Kwa baadhi ya watu hulegea mpaka njia ya hewa inajifunga. Mwili ukikosa hewa, ubongo unashtuka na kumwamsha nusunusu, anavuta pumzi, anazama tena. Mwenyewe hana habari. Asubuhi anaamka hoi kama hakulala, na kweli hakulala. Moyo nao unafanya kazi ya punda usiku kucha, presha inapanda, na mwisho wake unaweza kuwa kupooza, au moyo kusimama. Ni ugonjwa wa watu wengi sana, alisema, na wengi wao wanachekwa tu kwa kukoroma. Tena una tiba: kuna mashine ndogo inayosukuma hewa puani ili koo lisijifunge.

"Mara nyingi hutembea katika ukoo. Baba mkwe wako je?"

"Yeye alikoroma kupita huyu. Lakini hakufa kwa koo. Alikufa kwa mapenzi."

Hadithi hiyo Pomuch inajulikana na kila mtu. Bi Bibiana alikufa Jumanne, miaka kumi na mmoja iliyopita. Mzee Hermilo, mumewe, hakuwa na homa wala jeraha, alikula, hata alipokea wageni. Siku ya tisa, watu walipokuja kumaliza sala za msiba, walimkuta amekufa ndani ya machela yake. Padri alilia mimbarani. Mpaka leo harusi haifungwi mjini bila mtu mmoja kusimama na kuwaombea maharusi wapendane kama Hermilo na Bibiana. Mifupa yao, iliyofukuliwa baada ya miaka mitatu kama ilivyo desturi, imewekwa katika masanduku mawili yaliyogusana, na juu ya lile la mzee, Abundio aliagiza yapakwe kwa rangi ya buluu maneno haya: Hakuweza kuishi bila yeye.

Citlali alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ubaya wowote, "Siku hizo tisa, kamba yake ilivutwa na nani?"

Machela ya marehemu haiachwi wazi msibani. Siku ile ya Jumanne Nazaria mwenyewe aliishusha machela ya Bibiana kutoka kwenye kulabu, akaikunja vizuri, na kamba ya mzee akaikunja humohumo, akaiweka sandukuni. Kisha usiku nane alilala chumba cha pili akimvuta Abundio wake, na kupitia ukutani alimsikia mzee akikoroma, akinyamaza, akikoroma. Alidhani ananyamaza kwa sababu analia.

"Hakuna anayeweza kusema kwa hakika leo," daktari aliongeza haraka, alipoona uso wake. "Huzuni nayo huua, mama. Huenda ulikuwa moyo tu."

"Huenda," alisema Nazaria, akachukua mkoba wake.

Njiani hakuwaza sana juu ya marehemu. Aliwaza juu ya Novemba. Mireya, mtoto wao wa pekee, aliolewa Mérida, na angejifungua katikati ya mwezi huo. Mama mzazi hukaa na binti siku arobaini, hilo halina mjadala. Na Mzee Hermilo alifikisha siku tisa tu.

Abundio alikuwa uani akila chungwa lenye chumvi na pilipili.

"Daktari kasemaje?"

"Kasema mimi mzima. Mgonjwa wewe."

"Yaani umekwenda na ugonjwa wako ukarudi na wangu?"

"Wangu haukupatikana." Nazaria akaketi. "Mireya akijifungua nitakaa naye siku arobaini."

"Kaa, nani kakukataza? Mimi mtoto? Nitakula mikate."

"Na kamba atavuta nani?"

"Siku arobaini bila kubembelezwa sitakufa, Mama Mireya."

Nazaria akamtazama. "Kubembelezwa?"

"Sasa ile kamba unavuta ya nini, kama si kunibembeleza?"

Yafaa kumtetea kidogo. Pomuch mke humsukumia mume machela, na mume mke, na hakuna anayeulizwa sababu. Abundio alikuwa akishtuka usiku, anajikuta anayumba polepole, mkono wa mkewe upande wa pili wa kamba, na analala tena akiwa mtu mwenye bahati. Miaka kumi na tisa alijisifu hivyo pale tanurini, na Nicanor, ambaye mkewe humgeuzia mgongo, alimwonea wivu waziwazi.

Nazaria hakujua acheke au amchome kwa sindano ya kusukia. Akamweleza yote. Alipofika kwa Mzee Hermilo, Abundio akatupa maganda ya chungwa.

"Baba yangu alikufa kwa mapenzi. Imeandikwa."

"Uliandika wewe."

"Na sitakubali kitoto cha kaskazini, kisichojua hata kulala, kije kumfanya baba yangu mgonjwa miaka kumi na mmoja baada ya kufa. Yaishe."

Hayakuisha. Nazaria hakuwa mwanamke wa kelele. Fundi wa machela hagombani na uzi uliokaza. Huulegeza kutoka upande mwingine. Jumapili ya pili ya Agosti alimwalika Nicanor, ambaye ni baba wa ubatizo wa Mireya, aje kula. Walikula kuku wa achiote, kile kiungo chekundu, Abundio akala sahani mbili, na saa nane mchana akapanda kwenye machela yake. Nazaria akaweka kiti kwa Nicanor, akashika kamba kwa mkono wa kulia, na mapajani akalaza uzi mweupe.

"Tunafanya nini, shemeji?" Nicanor alinong'ona.

"Wewe hesabu. Akinyamaza anza moja."

Abundio alilala usingizi wa pono mara moja, akaanza kukoroma, na Nicanor akatabasamu. Mkoromo ukakatika. Nicanor akaanza, moja, mbili, tatu. Kufika kumi alikuwa bado anatabasamu. Kufika kumi na tano akaacha. Tumbo la Abundio lilikuwa likipanda na kushuka, mdomo wazi, na hapakuwa na sauti yoyote. "Ishirini na nne, ishirini na tano... Vuta, shemeji! Vuta!"

Nazaria akavuta. Machela ikayumba, Abundio akaguna, akavuta pumzi ndefu yenye makwaruzo. Nazaria akafunga fundo moja kwenye uzi mweupe.

Walikaa hivyo saa nzima. Nicanor alifika mpaka thelathini na nane mara moja, na baada ya hapo hakuhesabu tena kwa sauti. Abundio alipoamka alimkuta rafiki yake amejikunja kitini, uso umempauka.

"Mnanikodolea macho nimelala? Mmekosa kazi?"

"Bwana, ulikuwa maiti."

"Acha kutia chumvi."

"Sitii chumvi! Ulikufa mbele yangu, ukafufuka, ukafa tena. Hesabu mwenyewe."

Nazaria akampa uzi. Abundio aliupitisha vidoleni fundo kwa fundo, akihesabu kama mwoka mikate, kwa dazeni. Dazeni mbili na nusu, na moja juu. Akarudia kuhesabu.

"Hizi ni za wiki?"

"Za mchana huu."

"Mficha maradhi, kifo kitamuumbua," alisema Nicanor.

"Sikuficha, bwana. Sikujua." Abundio akaendelea kushika ule uzi. Kisha akamuuliza mkewe, bila kumtazama, "Kamba ya baba ilikuwa wapi siku zile?"

"Niliikunja mimi. Pamoja na machela ya mama. Nikaiweka sandukuni. Nilimsikia akinyamaza, Abundio. Nilimsikia kila usiku. Nilikuwa nakuvuta wewe."

Nicanor akasema anakwenda kumwangalia mkewe, jambo ambalo hakuwa amelifanya Jumapili yoyote. Abundio alitoka, akaenda kukaa mbele ya tanuri lake, ambalo Jumapili halina moto. Nazaria aliosha vyombo akiwa na hofu ambayo hakuwa nayo tangu aolewe. Mume wake angeweza kurudi na kumwambia neno moja tu, na neno hilo lisingefutika. Abundio alirudi, akasimama mlangoni.

"Huyo daktari wako anafungua saa ngapi?"

Citlali alipiga simu kila siku mpaka hospitali kubwa ikampangia Abundio tarehe ya Septemba. Walimbandika nyaya kichwani na kifuani, wakamfunga kitu kidoleni, wakamwonyesha kitanda. Abundio, mwenye miaka arobaini na tisa, hakuwahi kulala kitandani, na aliuliza kulabu ziko wapi. Muuguzi alicheka mpaka akaketi. Asubuhi wakamwambia pumzi yake ilikatika mara arobaini na nane kwa saa. Aliporudi nyumbani neno lake la kwanza lilikuwa, "Mara arobaini na nane, na wewe ulifunga mafundo thelathini na moja. Hayo mengine yalikupitia wapi, mvivu wewe?" Nazaria akajua kwamba amesamehewa, kama palikuwa na la kusamehewa.

Mashine ilifika mwanzoni mwa Oktoba, ndogo kama redio, yenye bomba na kinyago cha puani. Tatizo likawa bomba. Waliotengeneza kitu hicho walimfikiria mtu anayelala pale alipowekwa, na machela haikai mahali. Usiku wa kwanza bomba lilichomoka mara tano. Nazaria akachukua sindano, akasuka mfuko mrefu wa wavu, akalivika bomba na kulitundika kwenye kulabu juu ya kichwa cha mumewe, likawa linayumba pamoja naye. Citlali alikuja kulipiga picha. Pia alimwambia Abundio apunguze mwili na aache bia za jioni. Bia aliziacha. Mwili aliahidi.

Katika wiki mbili kichwa kiliacha kumuuma. Alisimama mbele ya tanuri macho makavu kutwa nzima, na Nicanor akaanza kulalamika, kwa sababu Abundio aliye macho alikuwa anaona ni nani anayekula jibini la kujazia mikate.

Nazaria ndiye hakupona. Mashine ilinong'ona, Abundio akalala kimya, na kimya hicho kikamwamsha yeye. Kidole kilivuta kamba chenyewe. "Niache, mwanamke!" alisema Abundio ndani ya kinyago. Kamba ikafunguliwa, na bado kidole kilivuta hewa. Tiketi ya basi la Mérida ilikuwa imeshanunuliwa, naye alikuwa akisinzia mbele ya fremu kama zamani.

Tarehe ishirini na saba Oktoba walikwenda makaburini kusafisha mifupa, kabla ya siku za wafu. Walichukua brashi, vitambaa, na nguo mbili mpya za kutandika masandukuni, alizotarizi Nazaria. Kila mwaka Abundio huanza na baba yake. Hushika fuvu kwa mikono miwili, humpangusa paji la uso na kumwambia habari za mwaka, bei ya unga na nani kaoa. Mwaka huu alilipita sanduku lenye maneno ya buluu, akafungua la mama yake.

Alianza na mikono. Vidole vya Bi Bibiana vilikuwa vimefunikwa na vumbi jepesi, na Abundio alivipangusa kimoja kimoja, akivipanga kwenye kitambaa. Nazaria alikuwa kando yake na brashi. Alikumbuka jinsi mama mkwe alivyosinzia kanisani, alivyosinzia akimenya mahindi, na jinsi watu walivyomwita Bibiana mvivu, mwenye bahati ya kupendwa hivyohivyo. Yeye mwenyewe, alipokuwa bibi harusi mpya, alimcheka.

"Mama alikuwa analala saa ngapi?" Abundio aliuliza.

"Hakuwa analala."

Akamaliza kidole cha mwisho. Kisha akatoa mfukoni ile kamba ya mkonge, iliyolainika kwa miaka kumi na tisa, akaizungusha vizuri na kuiweka sandukuni chini ya mifupa ya mkono.

"Na wewe?"

Walikuwa wameoana miaka ishirini na sita, na Nazaria hakuwahi kuulizwa swali hilo na mumewe. Alilia na brashi mkononi, kwa sauti, mpaka familia iliyokuwa ikisafisha mifupa upande wa pili ikageuka, ikadhani anamlilia mkwe wake.

Abundio akamshika mkono, akamketisha kwenye ukingo wa saruji penye kivuli, mgongo ukutani, na kumkunjia nguo moja ya zamani ya masanduku awekee kichwa. "Kaa hapo. Mimi nipo macho." Kisha akarudi kufungua sanduku la baba yake. Maneno ya buluu hakuyagusa. Alipolishika fuvu na kuanza kulieleza habari za mwaka, alisikia nyuma yake pumzi ndefu, zinazokwenda na kurudi bila kukatika. Watu walipita kumwamkia, mchana kweupe, na kila mmoja Abundio alimwashiria, kidole mdomoni mwake, apite taratibu, mke wake amelala.